Chuma cha Mbuzi

Siku hizi wanandoa au majirani wakigombana hawaendi kwa hakimu. Kila mmoja huunda roboti ya kilo tatu kwa mikono yake, zikapigana ulingoni, na ambaye yake itabaki ikitembea ndiye mwenye haki.

Chande alikuwa ameunda roboti za mapigano miaka kumi, kwa kujifurahisha tu, huku mkewe Mwanahija akimuuguzia mama yake. Mwanahija alipodai talaka na nyumba, Chande aliangua kicheko. "Wewe hata balbu hujui kubadilisha!"

Mwanahija aliona mwanamume yule hastahili hata tusi. Alifungua mota ya blenda, akaifunga chuma cha mbuzi ya kukunia nazi, akaiwekea magurudumu.

Ulingoni, dakika ya pili, chuma kile kiliipasua roboti ya Chande tumbo. Chande akapiga magoti, akaikumbatia, akalia kwa kwikwi. Mama yake alipozikwa hakudondosha hata chozi.

Mwanahija akasonya. "Mwanamume mzima, analilia bati!"

Karani wa ulingo akamkabidhi ufunguo wa nyumba. "Hongera, mama. Hiyo roboti yako sasa unaweza kuitupa."

"Niitupe?" alifoka Mwanahija.

Aliipakata njia nzima, akiwaza namna ya kukaza gurudumu la kushoto, akimwaza pia jirani yake mwenye redio ya makelele.