Shimo Kando ya Mto

Nesi aliyemrudisha Semeni kutoka shuleni, alikoanguka mstarini, alimkalisha kitandani akalivuta kope la chini la jicho lake. Ndani palikuwa peupe kama muhogo uliomenywa.

"Mama Semeni, mtoto huyu hana damu."

Mwanaidi akacheka kwa hasira. "Hana damu? Na mwili wote huu? Mtaa mzima wananiuliza namlisha nini!"

"Unamlisha nini?"

"Hizi chipsi ninazouza. Maandazi. Soda hazikosekani humu. Mimi nimekulia mchicha na dagaa mpaka nikavichukia. Mwanangu simpi chakula cha dhiki."

Nesi hakubisha. "Anakula udongo?"

"Udongo!" Mwanaidi akashika kiuno. "Na mashavu haya? Semeni, hebu mjibu."

Semeni, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa akihema kama aliyepanda mlima. Aligeuzia macho ukuta wa udongo kando ya mto wake wa kulalia, penye lile shimo ambalo mama yake alikuwa amelikandika mara tatu mwaka huu, kila mara akiwalaani panya.

Mwanaidi akapiga magoti. Ukingoni mwa shimo palikuwa na alama za meno, yale meno mapana ya mbele aliyoyapigia vigelegele yalipoota.

"Nisamehe, mama," Semeni alinong'ona. "Ukikandika upya ndiyo huwa mtamu zaidi."

Mwanaidi akaingiza kidole shimoni. Palikuwa bado na unyevu. Kidole kikazama, kikazidi kuzama, wala hakikugusa mwisho.