Makombo ya Kidoto

Palikuwa na kalunguyeye, Mama Kidoto, ambaye kutupa chakula kulimuuma kuliko jino. Siku moja Mwalimu Kobe alimrudishia mwanawe.

"Mama Kidoto, mtoto kanenepa hata kujiviringa hawezi. Mbweha akija, ataanzia tumboni."

Tangu hapo Kidoto alipewa nusu sahani ya kumbikumbi, alie asilie. Nusu nyingine mama aliimalizia jikoni, kila mlo, isije ikaharibika.

Mwezi ulipokwisha, Mbweha akaja kweli.

"Jiviringe!" mama alipiga kelele. Kidoto akawa duara la miiba. Mama naye akajikunja, akajikunja tena, lakini tumbo likabaki nje, laini.

"Shikamoo, mama," Mbweha akasema huku akijilamba. "Kitambi hiki umekitoa wapi?"

"Cha mtoto hiki!"

Kidoto akabingirika, akajibana tumboni mwa mama yake kama kizibo. Mbweha akauma miiba, akakimbia akilia.

"Mama, kesho nimwambie Mwalimu Kobe unakuja darasa gani?"

"Nyamaza," mama akasema, akijipapasa tumbo lililochomwachomwa. "Kuanzia leo tunapika nusu sufuria."