Nozeli Moja, Pampu Kumi na Nne

Pampu kumi na nne zilikuwa zimekufa, na nozeli ya kuzifufua ilibaki moja.

Ilikuwa Machi, mwaka sabini na tisa. Silvester Kalinga alikuwa ameitia nozeli hiyo katika mfuko wa shati na kufunga kifungo, maana gerejini kwake Mwanjelwa, mjini Mbeya, hakumwamini tena mtu. Kidude chenyewe hakizidi kidole. Kazi yake ni kupuliza dizeli ndani ya injini. Bila hicho, injini ni jiwe.

Pampu zote aliziuza yeye, kwa vijiji kumi na vinne vya mpunga vya Usangu na vya Pawaga, huko kwao Iringa. Injini zote zilitoka kiwanda kimoja cha China. Mwenye duka mmoja wa Iringa alimshauri achanganye, achukue na za India kidogo. Silvester alimcheka. Wakati ule Wachina walijaa Mbeya wakijenga reli. Nani angedhani siku moja watakuwa mbali?

Sasa walikuwa mbali. Februari waliingia vitani na jirani zao, na kiwanda kikaacha kujibu. Nchi nayo ilikuwa vitani na Uganda. Malori yalikwenda kaskazini, na dizeli iliyobaki ilikuwa chafu kama maji ya dimbwi. Ndiyo iliyoziua nozeli zote kwa mkupuo.

Mzigo mmoja wa vipuri ulikuwa umewahi kutoka China kabla mambo hayajaharibika. Wakala wa Dar es Salaam alisema kwa simu kwamba utakuja kwa treni. Kila treni ya mizigo ilipoingia, Silvester alikuwa stesheni. Kila mara alirudi mikono mitupu.

"Mimi huniachii hata ufunguo wa kabati," mkewe Rozalia alimwambia, "lakini mashamba ya watu wote umemwachia Mchina mmoja."

Mvua ilikuwa imekatika, mpunga unachanua, na mpunga unaochanua haungoji mtu.

Wa kwanza kuja kuiomba kwa ajili ya kijiji chake alikuwa Budeba, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake akageuka mkulima. Alitandika mkeka katikati ya gereji.

"Sitoki," alisema. "Ukitaka kufagia, nifagie na mimi."

Silvester alikuwa ameshakubali kumpa ile nozeli, wanangoja basi tu, alipoingia mtu mwenye matope hadi magotini.

"Ndugu fundi, mimi Asukile, dereva. Lori langu limezimika Mlima Nyoka. Injini ya Kichina. Uyole wameniambia nozeli zake ziko kwako."

Mkono wa Silvester uliruka kwenye mfuko wa shati kabla hajauzuia. Asukile akauona.

"Ipo moja," Silvester alisema. "Ina mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye mimi," Budeba alisema pale mkekani. "Umebeba nini hata unipite kwenye foleni?"

"Mbolea. Inakwenda ghala la mkoa."

Budeba akacheka hadi akakohoa. "Mbolea! Siku hizi kila lori limebeba mbolea. Sukari hakuna, sabuni hakuna, ila mbolea inapita barabarani mchana kutwa, na shambani kwangu haijawahi kusimama!"

Asukile hakucheka. "Kaka, nimebeba nilichobeba. Niazime nipande mlima tu, nishushe mzigo. Nitakurudishia."

"Ukishindwa kurudi, nitamwagilia na nini? Mate?"

Wote wawili wakamgeukia Silvester. Alitamani mtu mwingine yeyote awe ndiye mwenye gereji.

"Mbolea haifi," alisema hatimaye. "Mpunga unakufa."

Akafungua kifungo, akampa Budeba. Asukile akaitazama nozeli ikipita mbele yake, akasema, "Haya. Mungu yupo," akaondoka alivyokuja, kwa miguu.

Walipoteremka na basi kwenda kuifunga, walilikuta lori Mlima Nyoka. Mawe yalikuwa chini ya matairi, turubai limekazwa kwa kamba pande zote. Asukile alikuwa anasonga ugali kando ya barabara. Akainua mkono. Silvester naye akainua, kisha akatazama upande wa pili.

"Ona mbolea ilivyotulia," Budeba alisema.

Pampu ya kijiji cha Budeba ilikohoa, ikatoa moshi, ikashika. Maji yakaingia mfereji, wanawake wakapiga vigelegele. Wenyeviti wa vijiji jirani walikuwa wamesimama ng'ambo ya mfereji, wakitazama maji ya mwenzao. Mmoja, mama wa makamo aitwaye Leokadia, alivuka akamshika Silvester mkono.

"Na sisi, baba?"

"Treni," Silvester alimwambia. "Tungoje treni."

Wakangoja. Silvester aliendelea kwenda stesheni, hadi wapagazi wakaacha kumsalimia kwa kumwonea aibu. Lori lilibaki mlimani. La kulivuta halikupatikana, yote yalikuwa vitani, na Asukile hakuthubutu kuuacha mzigo wa watu. Wenyeji wakazoea kumletea viazi.

Mwanzoni mwa Mei mtunza ghala la mkoa alituma mtu Mwanjelwa: Kalinga aje, mzigo wake umefika. Silvester alikwenda mbio, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

Uani mwa ghala palikuwa na trekta, na nyuma yake lori lililovutwa. Turubai lilikuwa limefunuliwa. Asukile, amekonda, alikuwa anashusha masanduku ya mbao yaliyokuwa chini ya mifuko ya mbolea; wakala aliyapakia lorini badala ya treni, bila kumwambia dereva kilichomo. Silvester alivunja la kwanza mwenyewe. Nozeli zilikuwa zimelala ndani ya grisi, zimepangwa kama dagaa.

Kijiji kimoja kilivuna. Kumi na vitatu vilikata mabua, vikalisha ng'ombe.