Mistari Sita

Basi la Kitale lilipofika steji ya Lodwar, Nyadak aliacha kiti chake katika gari la Kakuma akakimbilia mlango wa basi. Kaka yake Thuok, waliyepotezana naye vitani wangali watoto, alikuwa anakuja na basi hilo.

Alitazama mapaji ya uso tu. Kwao Wanuer wa Sudan Kusini, mwanamume ana mistari sita iliyochanjwa kutoka sikio hadi sikio. Baba yao alikuwa nayo. Abiria wakashuka, mapaji yote laini.

"Mama, rudi ama nipee mtu hiyo kiti," makanga akasema. "Huyo wako amebaki Kitale."

"Ngoja kidogo tu."

Kijana mrefu mwenye begi alisimama mbele yake, akiangazaangaza.

"Sogea, ndugu, unanizibia mlango."

Akaomba radhi, akaenda zake upande wa pikipiki.

Mlango ukabaki mtupu. Ndipo wazo lilipomjia Nyadak: mistari huchanjwa mvulana akishapevuka. Yule mtoto aliyepotea, nani angemchanja?

Makanga akapiga bati la gari.

"Thuok," Nyadak akaita, akiogopa.

Kule kwenye pikipiki, begi likateleza polepole kutoka begani.