Shanta la Nyegere

"Ukianguka nalo chali, dada, utainukaje?" Kobe aliuliza kutoka kwenye foleni ya wateja, lakini Nyegere aliendelea kuhutubia.

Fundi Ngedere hushona mashanta ya wawindaji, na kila anayechagua moja hulijaza mawe kwanza, akapanda nalo kichuguu kulijaribu. Nyegere alihamaki. "Mawe? Kwa kuwa mimi ni jike, siyo?"

"Hata Nyati alipanda," fundi akasema.

"Waheshimiwa, nina hoja tatu!" Nyegere alizitoa zote, foleni nzima ikampigia makofi, naye akaondoka bila kupanda, na shanta kubwa kuliko yote, lisilo na mkanda wa kiunoni, maana mkanda aliuita pingu.

Kesho yake alipakia mapaja mawili ya swala, chakula cha wanawe. Hatua ya nne tu, mzigo ukamvuta nyuma, puu! Bingwa wa mdahalo akabaki miguu juu, mabega yamekazwa na kamba za shanta, na kicheko cha Fisi kinakaribia. Akatafuta hoja ya nne, asiipate. Aliyetokea ni Kobe, aliyezoea kuanguka chali tangu utotoni.

"Kaka Kobe," akasema, "swali lako nimelielewa. Tafadhali, nifundishe kugeuka."