Vifaranga Walioimba Kimnana

Palikuwa na matundu mawili ya ndege kwa mfugaji mmoja. Bi Chiriku, mrembo wa manyoya, alikataa kuatamia, mfugaji akayahamishia mayai yake kwa Bi Mnana. Mnana akaatamia, akalisha, akapenda. Vifaranga walipoota manyoya ya rangi ya kichiriku, Chiriku akang'aka:

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi! Nipe wanangu, we yaya!"

"Wachukue, shoga. Mimi sili cha mtu," alijibu Mnana.

Wakahamishwa. Alfajiri wakaimba wimbo wa mashamba ya mpunga, kule Mnana alikozaliwa kabla ya kunaswa.

"Wakataze huo ushamba!" Chiriku alifoka.

"Rangi nimekurudishia. Sauti hukunipa," Mnana alimjibu.

Mnana akafumba macho, akasikiliza, akawa tena kifaranga kondeni kwa mamaye.