Kofia ya Joka

Mama mkwe wa Nerys alikuwa ameuzamisha mkono kwenye kapu la duka la mitumba la kanisa, akitafuta vijizawadi vya kujazia soksi za Krismasi za wajukuu, alipopiga kelele.

"Nerys! Njoo uone, mwanangu! Si kofia ya mtoto hii? Ile iliyopotea kwenye treni!"

Ilikuwa yenyewe, ya sufu nyeupe, yenye joka jekundu alilolifuma mama mkwe kwa vidole vyake vya baridi yabisi, mkia umejipinda kama mnyoo. Nerys aliona haya mtoto kuivaa shuleni. Akaileta hapa ndani ya mfuko wa nguo kuukuu, kisha akasingizia treni.

"Mungu ni mwema!" Bibi aliibusu, akaipeleka kaunta pamoja na penseli na visabuni, akamsimulia muuzaji yote: treni, kilio cha mtoto, na sasa muujiza huu.

Muuzaji alimtazama Nerys. Ni yeye aliyeupokea ule mfuko, tena akamshukuru kwa jina.

Masikio ya Nerys yaliwaka moto.

"Bahati iliyoje," muuzaji alisema taratibu, akiikunja kofia. "Hii chukua bure, bibi. Ni mali yako."

"Umesikia, Nerys? Watu wema bado wapo!"

Mkia wa joka ulichungulia nje ya mfuko. Nerys aliusukuma ndani kwa kidole, uso hauinuki.

"Mama," alisema, "kofia haikupotea."